Katesh: Shanga nne nne, na jasho!

Msomaji, ukishuka basi Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye mita zaidi ya 3,400, usikimbilie nyama choma tu. Ulizia akina mama wanaoshona shanga kwenye ngozi.

Mimi nilielekezwa kwa mama mmoja wa Kiiraqw. Akanipa kipande cha ngozi ya mbuzi, ukubwa wa kiganja. "Anza na mstari mmoja, mwanangu."

Kazi yenyewe iko hivi: unatoboa ngozi kwa chuma chenye ncha, unapitisha uzi kutoka nyuma, unatunga shanga nne, unarudisha uzi chini, unakaza. Ukilegeza, shanga zinacheza. Ukivuta mno, ngozi inajikunja kama chapati ya moto. Saa nzima, nina mstari wa urefu wa kidole!

Sasa piga hesabu. Zamani wasichana wa Kiiraqw walishona hivyo sketi nzima, wakiwa ndani kwenye unyago wao uitwao marmo. Unyago huo ulikoma enzi za Mwingereza. Leo baadhi ya sketi hizo zimo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, wenyewe huku wajukuu hawajawahi kuzigusa.

Kwa hiyo nyie wenzangu wa Dar na Arusha, mnaokomalia bei ya bangili ya shanga hadi muuzaji anachoka, shoneni mstari mmoja kwanza. Mama aliponitajia bei ya mkanda wake, nililipa bila kubisha.