Vijiti vya Kulia

Basi bwana, jioni yangu ya kwanza Kyoto, mezani kwa mama aliyenikaribisha. Mie niliyezoea kumega tonge, vijiti vilinishinda. Nikavichomeka wima kwenye bakuli la wali, nipumzishe vidole.

Mama akanyamaza. Mwanawe akavichomoa taratibu, akavilaza kando. Wali wa namna ile, akaninong'oneza, huwekwa karibu na marehemu. Wala chakula hakipokezanwi kijiti kwa kijiti, maana ndivyo jamaa wanavyookota mifupa maiti ikishachomwa.

Nikacheka, jinga mimi. Kisha nikaona kabati la matambiko: picha ya mzee, kibakuli cha wali mbele yake. Baba yao.

Mama akaniongezea supu ya miso. Nikavishika tena vile vijiti vya kulia, machozi yananilengalenga.