Pa Kwendea Maji

Mwaka 1996, nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo baada ya mapinduzi ya Julai, bei za sokoni zilipaa na mama akaugeuza ua kuwa shamba. Kabla ya hapo, nyuma ya jiko letu la nje hapa Jabe, Bujumbura, palikuwa pa kuku na kamba ya kuanikia nguo. Msimu mmoja tu ukatosha kupajaza matuta: lengalenga, ntore (nyanya chungu), vitunguu vya majani, nyanya zilizofungwa kwenye vijiti. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999. Matuta yakabaki, kwa sababu mama alikwisha kuzoea kutoka na kisu jioni na kurudi na mboga.

Miaka ile hakuna aliyewaza maji yanaondokaje bustanini. Ua mzima ulikuwa udongo mtupu. Uzio ulikuwa wa miti na mabati yaliyochakaa, na mvua ikinyesha, maji yalipita chini yake hadi kwa jirani wa chini, kwake yakatoka barabarani, barabarani yakaingia mtaroni. Bujumbura imeinamia ziwa: milima iko juu, Tanganyika iko chini, nasi tuko katikati. Mvua ya Aprili hapa hushuka kwa kishindo, lakini kulipokucha ungeweza kufinyanga udongo wa tuta kiganjani, ukashikana, kisha ukapukutika ukiugusa kwa kidole. Huo ndio udongo ambao mboga huupenda.

Mambo yalibadilika polepole, na saruji ndiyo iliyoyabadilisha. Jabe ni mtaa wa viwanja vidogo na watu wengi. Kila familia iliyopata fedha kidogo iliongeza chumba cha kupangisha, nasi tukaongeza. Chumba kina bati, na bati hukusanya mvua iliyokuwa ikianguka mahali pengi na kuimwaga mahali pamoja. Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu ya bati la mita za mraba 30, zinashuka lita 1,200, mapipa sita yaliyojaa, na zote zinatua kwenye mstari mmoja chini ya ukingo wa paa. Kisha jirani wa chini akabomoa uzio wa mabati na kujenga ukuta wa matofali juu ya msingi wa mawe. Ilikuwa haki yake; miaka ile kila mtu alitaka ukuta. Lakini maji yetu yaligonga msingi ule yakarudi.

Nyanya ndizo zilizoanza. Majani ya chini yaligeuka manjano, na saa sita mchana mche mzima ulilala. Mama akaona kiu, akaongeza maji. Zikafa upesi zaidi.

Shangazi alikuja kututembelea kutoka Bubanza, uwanda wa Imbo, kwenye mpunga. Hakugusa jani hata moja. Aliomba jembe, akachimba kando ya tuta, akatoa bonge la udongo na kulileta puani kwa mama. Lilikuwa la kijivu, lina madoa ya rangi ya kutu, linanuka yai bovu.

“Wifi, hii haina kiu. Imezama.”

Mizizi huvuta hewa iliyomo katika vitundu vya udongo, na maji yakivijaza vyote, mizizi huoza na kushindwa kunywa hata ikiwa imezungukwa na maji. Mpunga una mirija yake ya kushusha hewa kutoka majanini, nyanya haina. Shangazi alizoea kuyafungia maji shambani na kuyafungulia kwa wakati wake, na nadhani ndiyo maana aliuona ugonjwa wetu haraka kuliko sisi wa mjini.

Alitufundisha kipimo ambacho hadi leo nakiamini kuliko ushauri mwingi nilioupata baadaye. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Safari hii ya pili ndiyo ya kupima. Yakishuka sentimita mbili na nusu hadi tano kwa saa, panda. La kwetu liliachwa asubuhi, na jioni bado lilikuwa kioo.

Fundi mmoja wa mtaani alishauri tuchanganye mchanga wa mtoni. Shangazi alikataa, na alikuwa sahihi: mchanga kidogo ndani ya udongo wa mfinyanzi hutoa kitu kinachokaribia tofali. Tulichochanganya ni mboji, samadi ya mbuzi na majani yaliyooza, msimu baada ya msimu, maana hiyo ndiyo inayougandisha udongo huo kuwa punje zenye nafasi katikati. Matuta tukayainua hadi karibu na goti. Chini ya ukingo wa paa tukachimba mfereji, tukaujaza kokoto, tukauinamisha kuelekea barabarani.

Ila mfereji ulipaswa kupita kando ya msingi wa jirani, na hapo palihitaji maneno, si jembe. Mzee aliogopa maji yatakula ukuta wake. Mama alimwendea jioni, wakakaa, na alirudi na makubaliano: bomba zima lisilovuja, gharama juu yetu, na maji ya paa lake yaingie humo humo. Tangu siku ile ua wa Mzee nao ulikauka.

Bomba likimwaga kwenye mtaro ulioziba, halisaidii kitu. Kwa miaka mingi mitaro ya barabarani ilijaa mifuko ya plastiki, na kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi zilikuwa kuizoa tu. Marufuku ya mifuko hiyo ilipoanza mwaka 2020, koleo likaanza kukutana na mchanga zaidi. Kazi hiyo naithamini sana. Machi 2017 serikali ilitangaza malaria kuwa janga la mlipuko, na kidimbwi kikitulia siku kama kumi tu kinaweza kutoa mbu.

Mwaka ule wa 2020 mto Rusizi ulifurika huko Gatumba, na ndugu zetu wakaja kukaa kwetu. Kwa kuwa nafasi ilikwisha, walipanda magunia: nguzo ya mawe katikati kutoka chini hadi juu, udongo wenye mboji kuizunguka, miche ubavuni. Mawe yawe nguzo, yasiwe tabaka la chini, kwa sababu juu ya tabaka maji husita na udongo hukaa umelowa. Lengalenga zao zilitushinda.

Sasa mpangaji ameomba ua uliobaki usakafiwe, watoto wasikanyage tope. Mama amekubali upande wa mlango peke yake, sakafu iinamie mfereji, na fundi amwage ndoo ya maji mbele yake kabla hajalipwa.