Mpagazi Asiye na Bunduki

Mchezo ninaoupenda tangu nistaafu ualimu haujapata jina katika lugha yetu. Hununua askari wadogo wa madini, wenye kimo cha milimita 28 hivi, nikawapaka rangi, kisha mimi na rafiki yangu tukawapanga mezani na kurudia mapigano ya zamani kwa rula na dadu. Wajukuu huwaita wanasesere. Mimi huwaita sanamu, kwani mwanasesere huchezewa akatupwa, ilhali sanamu husimama mahali pa mtu. Mchezo wenyewe nauita vita vya mezani. Mwenye jina bora na alilete.

Nimechagua Vita Vikuu vya Kwanza katika Afrika ya Mashariki. Kupaka rangi ni namna ya kusoma. Huanza na rangi ya msingi, ikafuata kaki, kisha rangi ya hudhurungi iliyozimuliwa kwa maji ili ituame kwenye mikunjo ya nguo. Mwisho hupitisha brashi iliyo karibu kukauka juu ya mabega na magoti, vumbi likaonekana. Askari wa King's African Rifles humwacha miguu mitupu, maana ndivyo alivyotembea.

Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 huchezeka vizuri. Jeshi la Waingereza lililotoka India, yapata watu 8,000, lilishindwa na watu kama 1,000 wa upande wa Wajerumani, wengi wao askari Waafrika. Lakini vita vile viliendelea miaka minne, katika nyika ambamo mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Unga, risasi na majeruhi vilibebwa na binadamu. Wapagazi waliokufa, wengi kwa njaa na maradhi, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Hao ndio niliowakosa mezani. Kanuni tulizozitumia zilihesabu bunduki, wala hazikuuliza nani alibeba risasi.

Lugha haikuwasahau kiasi hicho. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, iliyotamkwa kwa ulimi wetu. Hata hivyo, sanamu ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ni ya askari peke yake na singe yake; ile ya Nairobi ina watu watatu, mmoja wao mpagazi. Na tulitazame neno lenyewe. Kupagaa ni kuchukua mzigo begani. Ni pia pepo kumpanda mtu, naye akawa amepagawa. Mpagazi wa vita vile alibeba mzigo, na vita vikambeba yeye.

Basi nimepaka rangi wapagazi ishirini na wanne, kila mmoja na mzigo wake, na tumeongeza kanuni moja: kikosi kisicho na wapagazi hakisogei. Jumamosi iliyopita rafiki yangu alikuwa na bunduki nyingi kunizidi, akakwama katikati ya meza, akaanza kuwahesabu wapagazi wake mmoja mmoja kwa kidole. Hakuwahi kuwahesabu kabla ya hapo.

Nanyi washairi, tenzi zetu za vita zimejaa majemadari. Neno mpagazi lina mizani nne, nusu kamili ya kipande cha mizani nane. Nafasi ipo.