Sijambo, ila Vidole

Aulizwaye hali kwa Kiswahili hutanguliza uzima. "Hujambo?" "Sijambo." Hata aliyelazwa na homa hujibu hivyo, na akihimizwa ndipo huongeza, "ila kichwa kidogo." Ni adabu ya tangu na tangu, nayo ina uzuri wake, kwani humpunguzia mgeni mzigo na humkumbusha mgonjwa kwamba bado anacho cha kushukuria. Lakini pako mahali ambapo adabu hii yaweza kumgharimu mtu viungo vyake, na mahali hapo ni wodi ya saratani.

Bibi mmoja wa Ng'ambo, mshona kofia, alivuka bahari kwa boti hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, kutibiwa saratani ya mitoki. Kila baada ya siku 21 alitiwa dawa mishipani. Mojawapo, doksorubisini, ni nyekundu, na alitahadharishwa mapema kwamba mkojo nao utageuka mwekundu kwa siku moja au mbili, asije akadhani ni damu. Nyingine, vinkristini, haina rangi. Asili yake ni ua dogo la Bukini, lile la waridi au jeupe liotalo nyuani na makaburini pasipo kupandwa na mtu. Tangu miaka ya 1960 ua hilo limekuwa likiwapa watu uhai, na halikuutoa bure.

Dawa hizi huziwinda chembe zizaanazo kwa kasi. Saratani ni hivyo, lakini pia shina la nywele, utando wa kinywa, utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele hupukutika, kinywa hufanya vidonda, tumbo huchafuka. Vinkristini huongeza lake: huidhuru mishipa ya fahamu, ikianzia nchani mwa vidole.

Muuguzi huyapima madhara kwa ngazi, ya kwanza ikiwa hafifu na ya tano ikiwa mauti. Yahesabikayo huyahesabu: umetapika mara ngapi tangu jana, umekwenda choo mara ngapi, homa ni nyuzi ngapi. Vidonge vya kichefuchefu hutolewa kabla ya dawa, si baada ya kutapika. Kinywa husukutuliwa kwa maji ya chumvi, na pilipili na ndimu huwekwa kando. Ama homa ya nyuzi 38, hiyo haina mjadala. Chembe nyeupe za damu hupungua mno takriban wiki ya pili baada ya dawa, na mgonjwa aliyerudi kisiwani hatakiwi kungoja asubuhi wala boti. Aende hospitali iliyo karibu usiku ule ule, hata kama anajiona ana nguvu.

Lakini ganzi haihesabiki.

"Shikamoo, bibi. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, Alhamdulillahi."

Safari mbili mazungumzo yakaishia hapo. Nyumbani sindano ilikuwa ikimponyoka, na akanyamaza. Alichelea kwamba akisema atapunguziwa dawa na maradhi yatarudi. Tena aliona haya kulalamikia vidole ilhali wenzake wanalilia roho. Subira huvuta heri, alijiambia.

Safari ya tatu muuguzi aliuliza vingine: "Bibi, ile kofia umefika wapi?"

Bibi akaitazama mikono yake. "Sindano siisikii, mwanangu. Vitundu vinanipotea."

Daktari akamgusa kwa pamba, akamwambia afunge vifungo, atembee kwa visigino. Ikapunguzwa dawa ile moja tu; nyingine zikabaki kama zilivyokuwa. Hakufichwa kitu: mishipa hupona polepole, kwa miezi, na huenda ganzi ikazidi kidogo kabla ya kupungua. Asitembee peku. Maji ya moto ayapime kwa kiwiko. Akapewa na dawa ya kulainisha choo, kwani vinkristini hufunga tumbo, na hilo nalo alikuwa amelificha.

Lugha haina uchache hapa. Ganzi si mchonyoto, mchonyoto si kichomi, na uchovu wa mwenda shamba si unyong'onyevu wa mgonjwa asiyeweza kuinua kikombe. Mshairi huyapambanua maneno haya ili beti zake zisilegee. Mgonjwa huyahitaji zaidi, kwa kuwa neno alichaguapo ndilo daktari analolipimia dozi. Wahenga waliosifu subira ndio hao hao waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kauli hizo mbili hazigombani. Kustahamili ni kazi ya mgonjwa; kunyamaza si sehemu ya kazi hiyo.

Bibi bado anashona, kwa sindano nene zaidi na mwendo wa taratibu. Kofia iliyomchukua miezi mitatu sasa inachukua sita. Akiulizwa hali hujibu, kama alivyofunzwa na mama yake, "Sijambo." Kisha hangoji kuhimizwa. "Ila vidole," husema, na kuvinyoosha vionekane.