Barua kwa Mpwa Wangu Juu ya Amri ya Matunzo

Kirumba, Mwanza

Mpwa wangu mpenzi,

Waraka wako umenifikia, na katika yote uliyoniandikia lililonikaa rohoni ni kwamba tangu miezi kadhaa umeacha kumpelekea mtalaka wako fedha ya matunzo, yake na ya watoto, kwa hoja kuwa kivuko kimekufa na biashara imekufa nacho. Kuanguka kwa biashara sikukatalii. Nani asiyekumbuka Kigongo ilivyokuwa, mabasi ya Sengerema na Geita yakingoja zamu ya pantoni, nanyi mkiyazunguka madirishani na mabeseni ya sato wa kukaanga, pilipili imefungwa pembeni katika vijikaratasi? Tangu daraja lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, gari huvuka kilomita tatu za maji bila kusimama, na abiria hufika Busisi hali hajakuona. Daraja silaumu, maana mgonjwa wa ng'ambo ile sasa hangoji chombo. Lakini riziki yako ilikuwa katika kule kungoja kwa watu, na hilo ni jambo la kuelezwa mbele ya hakimu.

Ninalolikataa ni kujihukumia mwenyewe. Amri ya mahakama haipungui kwa kuwa mfuko wa aliyeamriwa umepungua. Hujihesabu mwezi kwa mwezi, na kila mwezi usiolipwa huwa deni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeruhusu wewe, au yeye, kuiomba mahakama wakati wowote ibadili amri ya matunzo au iiondoe kabisa, ikithibitika kwamba ilitolewa juu ya maelezo yasiyo kweli, au kwamba hali imegeuka mageuko ya maana. Basi nenda upesi, malimbikizo yakiwa bado madogo.

Wala usichanganye ombi hili na rufaa, ambayo husema kwamba hakimu alikosea, na ambayo muda wake kwako umekwisha pita. Wewe utasema kwamba alipima sawasawa kwa hali ya siku ile, na hali ile haipo tena. Kwa hiyo usirudishe barazani nani alimtukana nani, wala ile nyumba ya Igoma. Mali ya ndoa imekwisha gawanywa, na tangu Mahakama ya Rufani iamue shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, kazi ya mke nyumbani huhesabiwa kuwa mchango katika kuchuma mali. Insafu iliyochelewa, kwa maoni yangu.

Peleka daftari lako la mauzo, orodha ya miamala ya simu ya kabla ya Juni na ya baada yake, na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Na ule mtumbwi wa dagaa ulioingia ubia, ambao hukuniandikia ila nimeusikia, utaje. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda wavuvi hukaa nchi kavu, hivyo pato lake ni la vipindi. Mweleze hakimu hivyo, umwombe malipo yafuate mwendo huo, maana soko la Mwaloni halina siri, na dada zake mtalaka wako huanika dagaa pale pale.

Fungu la watoto ulitenge na la mama yao. La kwake hukoma akiolewa na mwingine. La watoto halimo katika hesabu hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka hakimu atazame mapato ya wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali mtoto akaapo, nawe wajua kwamba kodi ya chumba Nyakato haikushuka kwa ajili ya daraja. Huenda naye akajibu kwa kuomba aongezewe, na ana haki hiyo, usimkasirikie.

Maadamu shauri halijasikilizwa, peleka kila mwezi kadiri uwezavyo, kwa simu, ili ushahidi ubaki. Mkipatana yeye nawe, mapatano yenu yafikisheni mahakamani yaandikwe, kwani la mdomo halibadili amri.

Jumamosi njoo na nakala ya amri ile tuisome pamoja, kabla hujamlipa mtu yeyote kukuandikia maombi.

Wasalaam,
Mjomba wako