Magneto anavuka Mpondwe

Wiki nzima niko kazini Kasese, lakini Jumapili mchana napanda teksi kwenda Bwera kukutana na vijana wanaopenda kuandika. Tunaandika hadithi za mashabiki. Yaani unachukua mtu wa filamu au wa kitabu unayempenda, unamwendeleza mwenyewe pale mwenye hadithi alipomwacha. Daftari moja watu wawili, kalamu kila mtu na yake.

Kijana mmoja alimchukua Magneto, yule mzee wa X-Men anayekunja vyuma bila kuvigusa. Filamu ya mwaka 2000 tuliiona kibandani, VJ akitafsiri kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji. Inaanzia Poland, 1944. Mvua, matope, askari wenye bunduki. Mtoto anatenganishwa na wazazi wake, lango linafungwa, ananyoosha mikono na lango linaanza kujikunja. Kibanda kizima kilinyamaza. Wengi wetu tulivuka Mpondwe tukiwa tumeshikwa mkono na mtu, na kuna walioponyokwa na mkono huo njiani. VJ alisema tu kwamba watu wabaya wamemkamata mtoto. Ile nyota kwenye koti hakuieleza.

Basi kijana wetu akamvusha Magneto daraja la Lhubiriha, akamfikisha sokoni Mpondwe siku ya Jumamosi, akamketisha kwenye benchi ale nyama ya nguruwe na ndizi. Ilichekesha kweli. Akasoma hadi mwisho, tukapiga makofi, halafu binti mmoja wa Beni akauliza:

"Huyu si Myahudi? Bayahudi habakulake nguruwe."

"Nilimtoa Uyahudi," akajibu. "Mtu akikimbia anaacha vyote. Na nikimwacha Myahudi, watu watasema hadithi si yetu."

Mwingine nyuma akadakia kwamba heri amemtoa, maana Wayahudi ndio walimuua Yesu. Nikamwambia Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi, na Maria, na Petro. Akanyamaza, ila sidhani alikubali. Na mimi nisijifanye mwalimu: Wayahudi nilikuwa nawajua wa Biblia tu, kama vile waliishia kwenye Matendo ya Mitume.

Ikabidi nisome. Magneto alitungwa mwaka 1963 na Stan Lee na Jack Kirby, wote wawili watoto wa wahamiaji Wayahudi wa New York, lakini wao walimwacha bila kwao, mtu mbaya tu. Ni mwandishi mwingine, Chris Claremont, aliyempa utoto wa Auschwitz mwaka 1981. Vijana walifurahi sana kusikia hivyo. Kumbe hata Uyahudi wake uliongezwa na mtu aliyeendeleza hadithi ya wengine, kama sisi! Tofauti ni kwamba yule aliongeza, sisi tulipunguza.

Nikawaambia pia kwamba Wayahudi wako hapahapa Uganda, upande wa Mbale. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyewahi kuwatumikia Waingereza, alitahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jamii inayoitwa Abayudaya. Wakati wa Amin walikatazwa dini yao. Wengi waliiacha, wachache wakaendelea kusali kwa kujificha, na leo wapo. Msabato wetu mmoja akaruka: "Wanasali Jumamosi kama sisi!" Akataka Magneto apelekwe Mbale haraka, nauli alipe nani hakusema.

Binti wa Beni hakuwa amemaliza. Akanigeukia.

"Na wewe yaya, mu teksi ya Kasese bakikuuliza, unasemaka uko wa wapi?"

Nilijifanya natafuta kalamu. Mimi ni Mnande. Kinande na Lhukonzo ni kama lugha moja, kwa hiyo mjini nasema mimi Mkonzo wa Bwera na hakuna anayeuliza zaidi. Hasa baada ya shambulio la Juni 2023 hapa Mpondwe, wanafunzi walipouawa usiku, sikutaka mtu asikie neno Kongo kinywani mwangu. Nimeshazoea. Kuna siku hata mama akinipigia simu naongea chini chini.

"Nasema wa Bwera," nikamjibu.

"Basi mwache mwenzako na nguruwe yake," akasema. Wakacheka wote, na mimi pia.

Yule kijana aliandika upya. Magneto bado anaketi sokoni siku ya Jumamosi, ila sasa anasukuma sahani pembeni na kuomba chai. Mama muuzaji anaona namba mkononi mwake. Haulizi, anamwongezea sukari. Ukurasa huo nimemwomba aunakili kwa ajili ya gazeti letu hili.

Jumapili ile nikirudi, dereva akaniuliza kama mimi ni wa Bwera. Nikasema Beni. Akatazama barabara kidogo, kisha akauliza kakao huko siku hizi kilo ni bei gani.