Wosia kwa Mafundi Vijana wa Nakivale

Wanangu na wajukuu zangu mnaoshika mwiko,

Nguvu za kupanda jukwaa zimeniishia, na ninyi ndio mtakaojenga hapa baada yangu.

Mtaambiwa kwamba mkimbizi hajengi, anasubiri tu. Msisadiki. Makazi haya ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, yalifunguliwa mwaka 1958. Wanyarwanda waliopokelewa hapa kwa muda walizaa wakaozesha, na wengi wao walirudi kwao baada ya 1994 tu. Ardhi tunapewa tuitumie, si ya kuuza. Lakini mvua ya wilaya yetu ya Isingiro haiulizi hati, hubomoa ukuta mbovu wa mwenyeji na wa mgeni.

Hata wakubwa walifundishwa na mvua na radi. Kule Namirembe, Kampala, kanisa la miti na nyasi liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. La matofali lililojengwa baadaye, lenye paa la nyasi, liliunguzwa na radi mwaka 1910. Lililopo leo, lenye kuba, lilichorwa na Mwingereza Beresford Pite, likawekwa wakfu mwaka 1919. Namheshimu sana. Lakini waliochoma matofali na kuyapanga hatuwasikii wakitajwa, na kazi yao ndiyo iliyobeba kuba lile miaka yote hii.

Basi shikeni haya. Gonga tofali kwa tofali: likilia kwa ukali, limeiva, likitoa sauti nzito, lirudishe. Liloweke kabla ya kujenga, maana tofali kavu hunywa maji ya saruji na kiungo kikabaki unga. Timazi iteremke kila pembe, hata mwenye nyumba akiharakisha. Nyumba ya miti na udongo si aibu: iinue juu ya msingi wa mawe, paa lizidi ukuta, itadumu. Na kuni za tanuri mzitumie kwa huruma. Nimeona vilima vya kando ya Ziwa Nakivale vikibaki uchi.

Mjini Mbarara nendeni mkafanye kazi, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu. Ila pataneni ujira kwa maandishi. Tajiri mmoja wa huko alinilipa nusu ya ujira ukuta ulipokwisha, na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Timazi yangu, pima maji na miiko ni vyenu nyote, visiuzwe. Na mjane wa Rubondo, hapa makazini, akihitaji nyumba, mjengeeni bila ujira.